Nyumbu Huzaa, Ukuta Hauzai: Kilwa Inahitaji Wageni wa Namna Gani?

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu ya miji ya kale ya Waswahili kwenye visiwa vya pwani ya kusini ya Tanzania, ziliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, mwaka mmoja na Serengeti. Tangu hapo zikaachana njia. Serengeti imekuwa jina linaloiuza Tanzania nzima, na Kilwa imebaki sura moja ya kitabu cha historia: masultani, dhahabu ya Sofala (bandari ya kale katika Msumbiji ya leo), msafiri Ibn Battuta aliyepita mwaka 1331, Wareno walioupora mji mwaka 1505. Siku hizi upepo umegeuka. Magofu yamewekwa chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na meli za kitalii nazo hutia nanga Kilwa. Ndipo mjadala unapokuja: wageni waongezwe kadiri iwezekanavyo, au wabanwe ili kuta zibaki zimesimama?

Wanaotaka waongezwe wana hoja nzito, na haifai kupuuzwa. Kilwa haikubomolewa na wageni. Ilipoingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, waliokuwa wakivuka kwenda kisiwani walikuwa wachache. Kilichokuwa kikiumaliza mji ule ni mawimbi, mvua, mizizi na kutotazamwa. Ilitolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014 baada ya miaka ya kazi iliyosaidiwa sana na wafadhili wa nje: kuta ziliimarishwa, mikoko ikapandwa, na vikapu vya waya vilivyojazwa mawe vikapangwa ufukweni kuvunja nguvu ya maji. Lakini mradi wa mfadhili una tarehe ya kufungwa, na mvua za masika zinarudi kila mwaka. Kiingilio kinachokusanywa mwaka baada ya mwaka ndicho kinachoweza kumlipa fundi mwaka baada ya mwaka.

Hapo hujataja nahodha wa mashua, muongozaji, mwenye gesti ya Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, na mama anayekaanga pweza sokoni. Wilaya inayotegemea samaki, ufuta na korosho haina sababu ya kulifunga ghala la historia lililo mbele ya macho yake.

Upande wa pili hauonekani vizuri kwenye takwimu za mapato, kwa hiyo ni lazima uoneshwe ukutani penyewe. Nenda Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, lililojengwa juu ya genge linaloitazama bahari. Upande wa mashariki wa jengo hilo umekuwa ukimeguka na kuporomokea chini. Maji ya mvua hukusanyika uani, hutafuta mteremko, huchota udongo chini ya msingi, na siku moja kipande cha ukuta kinakosa pa kukanyaga. Vichaka vilivyoota kwenye ukingo huo huushika udongo usikimbie, lakini mizizi yake hiyohiyo hupenya kwenye maungio ya mawe na kuyatenganisha. Ukikata vichaka vyote umeufungulia mvua mlango. Ukiviacha vyote umeukabidhi ukuta kwa mizizi. Kazi inayofaa ni kupogoa kichaka kimoja kimoja, kwa mkono, na mtu anayejua kipi kinashika na kipi kinapasua.

Mguu wa mgeni unaingia hapo. Ukuta wa Kilwa ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na sehemu yake dhaifu kuliko zote ni kichwani, pale palipokuwa na dari. Mafundi wa uhifadhi hufunika kichwa hicho kwa tabaka la chokaa lililoinamishwa kidogo ili maji yateleze. Mtu mmoja akipanda apigwe picha bahari ikiwa nyuma yake, tabaka hilo hupata ufa mwembamba kama unywele. Mvua ya kwanza huingia, ya pili husomba chokaa ya ndani, halafu ndege hudondosha mbegu ya mti wa jamii ya mkuyu. Baada ya misimu michache jiwe linatikisika kwa kidole. Aliyepanda yuko kwao, na picha yake ni nzuri.

Madhara mengine ni madogo kwa umbo. Vigae vya kauri za China na za Uajemi huonekana ardhini, hasa baada ya mvua, na mgeni huona kimoja si kitu. Kwa mwanaakiolojia, kigae kilicho mahali pake husaidia kukadiria umri wa tabaka la udongo kilimolala na wa sakafu iliyo karibu nacho. Kikiwa mfukoni ni kipande cha bakuli tu.

Sasa, gharama ya kutibu ufa ule. Jibu la haraka ni saruji: ipo dukani, inakauka upesi, fundi yeyote anaijua. Ni dawa mbaya. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu vizuri. Maji yenye chumvi yaliyomo ukutani hushindwa kutokea kwenye maungio, hutokea kwenye jiwe lenyewe, na chumvi ikiganda huumumunya uso wa jiwe mpaka ukawa unga. Unabaki na saruji iliyosimama kama kimia na mawe yaliyooza katikati yake.

Chokaa ndiyo inayofaa, ila inataka subira. Matumbawe hupangwa juu ya tanuru la magogo na kuchomwa, kisha chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa shimoni kwa miezi ili ilainike sawasawa. Huchanganywa na mchanga uliooshwa chumvi, kwa kawaida sehemu moja ya chokaa kwa mbili au tatu za mchanga. Ikishapakwa hufunikwa kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, kwa sababu hukazwa na hewa polepole. Jua likiiwahi, hupasuka na kubanduka. Tanuru nalo linakula kuni nyingi, na kuni za karibu ni mikoko, ileile inayopandwa kuzuia mawimbi. Magogo lazima yatoke bara, na hiyo ni nauli nyingine.

Kwa hesabu hiyo, naona kosa kubwa la mjadala huu ni kuipimia Kilwa kwa kipimo cha mbuga. Mbugani idadi ya wageni ni kipimo kinachoeleweka. Nyumbu huzaa, wengi wao mwezi Februari, na nyasi zilizokanyagwa na magari zinaweza kuota tena mvua ikinyesha. Ukuta hauzai. Kila kilichotoka Husuni Kubwa kimetoka. TAWA imekuja na vitu ambavyo magofu yalivikosa kwa muda mrefu, yaani askari, boti na mfumo wa kukusanya mapato, na hilo ni jambo jema. Lakini taarifa ya mwaka inayosema wageni wameongezeka, bila kusema ni mita ngapi za vichwa vya kuta zimefunikwa upya, ni taarifa nusu.

Wageni wenyewe nao hawalingani. Meli kubwa huteremsha watu wengi kwa mkupuo, wakazunguka kwa saa chache wakiwa wamesongamana kwenye njia moja, kisha wakarudi kula na kulala melini. Kibali wamelipa, lakini Masoko imepata kidogo. Familia iliyotoka Dar es Salaam kwa basi, mwendo wa kilomita 300 hivi, italala angalau usiku mmoja, itakula mara tatu na itakodi mashua. Watu kumi wa namna hiyo kwa siku, siku 200 kwa mwaka, wanaulemea ukuta kidogo kuliko meli chache, na wanalisha watu wengi zaidi. Udhaifu wa njia hii ni barabara: kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipoikata eneo la Somanga, Kilwa na kusini yote ilitenganishwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Anayetetea utalii wa ndani na aitetee barabara hiyo pia.

Ziara inayofaa huanza asubuhi kwa kibali na muongozaji kutoka Masoko. Kuvuka kwa mashua ni nusu saa hivi upepo ukiwa mzuri. Kusi likivuma kwa nguvu, vaa nguo usizohofia kuzilowesha. Anza Gereza, ngome iliyo ufukweni, upite Msikiti Mkuu wenye kuba na matao, uwahi Husuni Kubwa kabla jua halijawa kali, kwa sababu huko ni mwendo wa miguu upande wa mashariki na vivuli ni vichache. Beba maji lita mbili. Songo Mnara, yenye misikiti mitano na nyumba ambazo milango yake bado inasomeka, inahitaji siku yake, saa mbili hivi kwa mashua. Wengi hukosea hapo kwa kupanga safari kwa saa ya mkononi na kusahau bahari: maji yakipwa, mashua inakwama nje ya mikoko na mnatembea kwenye tope. Muulize nahodha siku moja kabla maji yanajaa saa ngapi.

Kilwa Kisiwani ni kijiji cha watu walio hai. Wanalima kando ya kuta, wanaswali, na makaburi ya kale kwao ni ya kuheshimiwa. Uzio wa kuwazuia wageni ukiwazuia na wenyeji, umewaondoa walinzi wa bure waliokuwepo kabla ya ofisi yoyote. Afadhali vijana wa hapo hapo wafundishwe kazi ya chokaa na wapewe ajira ya msimu, Oktoba hadi Februari, inayolipwa kwa sehemu ya viingilio iliyotengwa na kutangazwa waziwazi. Makundi yapunguzwe hadi watu 15 kwa muongozaji mmoja, na ukingo wa Husuni Kubwa utazamwe kutoka kwenye njia ya mbao.

Masika huanza Machi. Chokaa ya kufunika kuta kabla ya masika yajayo inapaswa kuwa imezimwa na kulala shimoni miezi kadhaa kabla, na magogo ya kuichomea yawe yameshavuka kutoka bara.