Bodi mpya au lenzi nzuri? Tuongee ukweli kuhusu kamera za harusi

Kuna ubishi hauishi kwa wapiga picha wa harusi hapa Dar na kila kijana anayeanza lazima akutane nao. Una hela kiasi, je ununue bodi (kamera tupu bila lenzi) mpya ya mirolesi, zile za kisasa zisizo na kioo ndani, halafu lenzi utajua mbele ya safari, au uchukue DSLR used mbili, zile zenye kioo ndani, na lenzi za maana? Pande zote mbili zina watu wanaojua kazi, kwa hiyo siyo suala la kusema hawa wameachwa na wakati au wale wanapenda sifa. Mimi nina upande wangu na nitausema, ila kwanza tuwape haki yao watu wa mirolesi maana hoja zao ni nzito.

Ya kwanza ni fokasi. Canon 5D Mark III ya 2012, kamera iliyolisha familia nyingi sana mjini hapa, ina pointi 61 za fokasi lakini zote zimerundikana katikati, kwa hiyo ukitaka sura ya bibi harusi ikae pembeni ya picha inabidi ufokasi kwanza ndo usogeze kamera, na kama umefungua apecha sana, lile tundu la lenzi la kupitisha mwanga, ukiyumba kidogo tu fokasi inahamia kwenye hereni. Sony A7 III ya 2018 inalifuata jicho lenyewe karibu fremu nzima, wewe kazi yako ni kupanga picha. Kwenye giza ndo usiseme, 5D Mark III inaishia -2 EV, kipimo cha mwanga, wakati Canon R6 ya 2020 inafika -6.5 EV ukiifunga lenzi ya f/1.2 (namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), na hapo kila EV moja ukishuka ni mwanga umepungua nusu.

Ya pili, mirolesi unaiona picha ilivyo kabla hujaipiga. Kwenye harusi zetu hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Gauni jeupe pee na ngozi nyeusi vimekaa kwenye fremu moja, kamera ikisikiliza gauni sura zinakuwa giza, ikisikiliza sura gauni linaungua, shanga zote na lesi aliyolipia mtu hela nyingi havionekani tena. Mwenye DSLR anapiga, anachungulia nyuma, anarekebisha, anapiga tena, na hapo pete ishaingia kidoleni. Mzoefu anajua kukisia, sawa, lakini anayeanza hana huo uzoefu na mteja wake hawezi kumsubiri aupate.

Ya tatu wanayojivunia ni ukimya, kwamba ukiwasha shata ya kielektroniki, ile isiyo na kipande cha kufunga na kufungua mwanga, unapiga kanisani padri hasikii kitu. Hapa nakubali nusu. Mchana kwenye mwanga wa madirishani ni raha tupu, ila ukihamia ukumbini usiku na hiyo shata ya kielektroniki unajitafutia balaa. Kamera nyingi za bei zetu zinasoma sensa, kile kipande kinachopokea picha, mstari kwa mstari, na zile taa za LED za mapambo na skrini ya nyuma ya steji zinapepesa haraka jicho lisione, kwa hiyo picha inatoka na michirizi ya giza imempita bwana harusi usoni kama pundamilia na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Halafu kwenye A7 III na R6 flashi haiwaki kabisa ukiwa kwenye shata hiyo. Ukumbini rudi shata ya kawaida, na kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz jaribu spidi ya 1/100 au 1/50 ya sekunde kwanza uone taa zinatulia au la, ingawa taa za steji za DJ nyingine zina mapepe yake zenyewe na hata hapo hazisikii.

Sasa upande wa pili, na huku ndo nilipo. Canon R6 Mark II ilipotoka 2022 iliuzwa dola 2,499 bodi tupu. Kijana akijibana akaipata, hela imeisha, anabaki na lenzi ya bei nafuu inayouzwa nayo, ile zumu (lenzi ya kuvuta) ya milimita 24-105, f/4-7.1. Ukiivuta mpaka mwisho uko f/7.1, maana yake jirani yako mwenye 24-70 ya f/2.8 anaingiza mwanga zaidi ya mara 6 yako. Yeye anapiga ISO 3200 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga), wewe unatafutana na ISO 20000. Kamera yako ni mpya ya moto na picha zina chenga kuliko za mwenye kamera ya miaka kumi nyuma! Watu wanasema sensa za kisasa zinabeba ISO kubwa, ni kweli zinabeba, lakini siyo mara 6.

Na kamera moja siyo kamera za harusi. Nalisema kwa msisitizo maana hapa kuna haki za watu. Shata inaweza kukwama, kamera inaweza kudondoka kwenye vurugu za matarumbeta, na yule mama aliyechangisha ndugu na majirani miezi yote ile hatafunga ndoa ya mwanae mara ya pili ili wewe upate picha. Bodi mbili, na kila bodi iwe na sehemu mbili za memori kadi ili picha iandikwe kote kwa pamoja. Ndo maana Nikon D750 ya 2014 naiheshimu mpaka leo, ina nafasi mbili za SD, na 5D Mark III nayo inazo mbili ingawa ile ya SD ni nzito kidogo kuandika. Canon 6D ina moja. Hata Canon EOS R ya 2018 ambayo ni mirolesi ina moja, na vijana wengi wanainunua kwa sababu bei yake used imeshuka bila kuuliza hilo swali. Kwa mteja wa kulipa mimi siipeleki peke yake.

Watasema DSLR zimekufa, unanunua maiti. Kweli Canon na Nikon hawajatoa DSLR mpya tangu 2020 na kadiri miaka inavyoenda vipuri vitakuwa shida. Lakini angalia hela imekaa wapi. Lenzi za Canon EF, zile za DSLR zao, ukizifunga kwenye mirolesi za Canon kwa adapta zinafanya kazi vizuri na fokasi yake yote, kwa hiyo ukinunua lenzi nzuri leo ukaja kubadilisha bodi kesho hujapoteza. Kwa Nikon kuwa makini tu, adapta yao ya FTZ haina mota, zile lenzi za zamani za AF-D zinazosukumwa na bodi zitakuwa za kuzungusha kwa mkono, za AF-S zenye mota ndani yake ndo salama.

Haya, lenzi zenyewe. Ubishi wa zumu na praimu (lenzi isiyovuta) unaishaga ukisimama mlangoni maharusi wanapoingia ukumbini. MC kapaza sauti, taa zimezimwa, moshi umeachiwa, wapambe wanacheza mbele, mtu wa video anarudi kinyumenyume na stendi yake, simu zimeinuliwa kila upande, halafu shangazi anakatiza katikati na vigelegele anataka kumkumbatia bibi harusi. Hapo huna pa kurudi nyuma wala pa kusogea mbele. Mwenye 24-70 anazungusha mkono anapata kundi zima, anazungusha tena anapata machozi ya shangazi. Mwenye praimu ya 85 kaganda na kidevu cha mtu.

Ila praimu nayo ina siku yake. 85mm ya f/1.8 inaingiza mwanga kama mara 2.4 ya f/2.8, ni nyepesi, bei yake inashikika, na kwa picha za maharusi wawili tu pale ufukweni jua likizama hakuna zumu ya bei yetu inayoifikia. Tahadhari ni moja, ukiwa mita 2 na apecha f/1.8 eneo lililo kwenye fokasi lina unene wa kama sentimita 6 tu, kwa hiyo bwana akisimama nyuma ya bega la bibi basi mmoja wao ni ukungu. Funga mpaka f/4 wakiwa wawili.

Kwa nikahi za nyumbani huku Pwani, Zanzibar, Mombasa, hesabu inabadilika kidogo. Upande wa akinamama wapiga picha ni dada zetu, chumba kimejaa, bibi harusi kakaa kwenye mito na ndugu wamemzunguka, hapo 70-200 ya kilo 1.5 ni mzigo wa bure. 35mm ndo lenzi ya chumba kile. Ukilazimika kwenda 24 usimweke mama mtu pembeni ya fremu maana atatoka kapanuka na hatakusamehe.

Kwa hiyo mimi ningempa anayeanza bodi mbili used zenye kadi mbilimbili, 24-70 f/2.8 moja hata ya Tamron au Sigma, 85 f/1.8 moja, na flashi mbili, moja iwe juu ya stendi. 70-200 akodi siku ya kanisa kubwa. Mwenye hela ya kutosha bodi mbili za mirolesi pamoja na lenzi hizohizo aende huko moja kwa moja, sina ubishi naye.

Ukienda kununua used uliza shata imepigwa mara ngapi, 5D Mark III na D750 zote zimepimwa kwa mipigo 150,000. Lenzi imulike na tochi ya simu kwa nyuma uangalie ndani, joto na unyevu wa huku kwetu vinaotesha fangasi kwenye vioo, utaona nyuzinyuzi kama za buibui. Ukiziona rudisha lenzi kwa muuzaji hata kama kapunguza bei, na zako za nyumbani ziweke kwenye boksi linalofunga vizuri na vile vipakti vya silika jeli.