Nini Harusi

Mwananyamala ina A tano, hesabu mwenyewe. Mimi nina steshenari yangu hapa hapa, na kila barua inayotoka dukani, iwe ya kuomba kazi, ya kuomba ruhusa au ya kuomba radhi, juu kulia inaanza na Mwananyamala, chini yake Dar es Salaam, na wengine huongeza Tanzania kana kwamba barua inaenda ng'ambo. Basi laptopu niliyoinunua mpya, na nailoni yake, haikumaliza mwaka herufi A ikawa imefutika kabisa. Ikafuata I, ikafuata N. K, U na W zikaanza kupauka, M ikabaki na mguu mmoja. Mashine hizi wametengenezewa watu wanaomaliza E kwanza. Na Q na X? Zipo vilevile zilivyotoka kiwandani, hazijui shida ya mtu.

Nikairudisha Kariakoo kwa aliyeniuzia. Akaiwasha.

"Si inawaka, kaka?"

"Inawaka."

"Garantii ni ya kuwaka. Herufi ni matumizi."

Fundi mmoja wa nje pale, mwenye meza yake na mwavuli, alinielewesha vizuri zaidi. Kwenye kibodi nyingi za bei ya chini herufi imepigwa chapa ya rangi nyembamba tu juu ya plastiki. Jasho, losheni, kucha na sanitaiza, kila kimoja kinachukua chake kidogo kidogo. Zipo kibodi ambazo herufi ni plastiki ya pili iliyomiminwa ndani ya ile ya kwanza, hizo haziwezi kufutika, ila si za saizi ya mfuko wangu. Nikamuuliza kuhusu kubadilisha kibodi nzima. Akaigeuza, akaguna, akasema hii imeunganishwa na mfuniko wake wa juu kwa vipini vya plastiki vilivyoyeyushwa, kwa hiyo vinabadilishwa vyote pamoja. Bei aliyonitajia niliipokea kwa kicheko. Yeye hakucheka.

Kusema kweli mimi binafsi sikuwa na tatizo. Nilisomea uhazili Tabora, kwa mwalimu aliyekuwa akitufunika mikono kwa kitambaa ili tusichungulie. Vile vinundu viwili vya F na J vikishakaa chini ya vidole vya shahada, hata umeme ukikatika nachapa. Wenye tabu walikuwa wale wateja wanaokodi mashine wachape wenyewe kuokoa hela ya kuchapiwa. Wanakaa kidole hewani, wanatafuta A, hadi muda waliolipia unaisha kwenye neno "Yah".

Mpwa wangu, aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne na ananisaidia dukani, akaleta stika za herufi za machinga. Zilipendeza asubuhi. Mchana, kwa joto la bati, gundi ikalainika zikaanza kutembea. Mteja mmoja aliondoka na W kwenye kiwiko.

Siku nimekwenda kununua karatasi, kijana akaamua kusafisha ile gundi. Akaazima kwa dada wa saluni ya jirani dawa ya kutolea rangi ya kucha. Gundi ilitoka. Na herufi zote zilizokuwa zimebaki zikatoka nayo, Q na X zikiwemo, plastiki ikaachwa na weupe weupe. Hakutishika. Alikwenda kununua karatasi nyingine ya stika, safari hii za gundi kali, akazibandika zote kwa kichwa. Niliporudi nilikuta kibodi inavutia, nikampa hela ya soda. Nikachapa mpaka jioni bila kosa hata moja, maana vidole vya Tabora havisomi stika.

Kesho yake akaja mzee mmoja, katibu wa kamati ya harusi ya upande wa mwanamume, ana barua ya kualika ndugu na kuomba michango. Kuchapiwa ni shilingi 1,000 kwa ukurasa. Akasema atachapa mwenyewe, yeye alikuwa karani wa ushirika. Nikamwachia mpwa wangu duka, nikaenda kuswali.

Huyu mzee anachapa kwa kidole kimoja, miwani puani, uso umeinamia vitufe. Kwenye kioo haangalii kabisa, anasema kinamuumiza macho. Mistari myekundu ilijaa ukurasa mzima, lakini laptopu ikiachwa kwenye Kiingereza hupigia mstari Kiswahili chote, kizuri na kibovu. Mpwa wangu aliona wekundu uleule wa kila siku, akaprinti nakala 50. Mzee akazikunja moja moja kwenye bahasha bila kuvua miwani na bila kusoma.

Jioni alifika dukani mama mmoja wa makamo, mtandio begani, bahasha mkononi. Hakusalimia. Shangazi mtu wa bibi harusi.

"Ni hapa mlipomwandika mtoto wetu?"

"Karibu mama. Kumwandika vipi?"

Akaiweka karatasi mezani, akasoma kwa sauti huku akinikazia macho: "Bdugu, kamati ibapebda kukujulisha kuwa nwaba harusi ba nini harusi..." Akakatiza. "Nini harusi! Tumewapa binti, kasoma, kalelewa, leo anaitwa nini? Na huku chini mmewaalika nanu ba nini wa pabde zote. Hao ndio kina nani?"

Nilitaka kucheka, nikamwangalia usoni, nikaghairi.

Mzee Katibu akaitwa kwa simu. Alikuja anahema, akaapa kwamba ameandika kwa heshima zote, akaketi kwenye mashine athibitishe. Akatafuta B, akaibonyeza kwa nguvu. Kwenye kioo ikatokea N. Akavuta pumzi, akamaliza neno lote, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akainua uso kutazama kioo.

"Unaona, shemeji? Mimi nimemwandikia bibi. Yeye ananiuliza nini."

Shangazi hakuridhika. Akasogea, akabonyeza jina lake mwenyewe, lenye B moja na N mbili, na likatoka jina ambalo hakuna sheikh angekubali kulisomea dua. Wote wakamgeukia mpwa wangu. Kijana akaziangalia B na N alizozipachika kila moja kwenye kiti cha mwenzake.

"Lakini mjomba, wewe si ulichapa jana kutwa nzima, hukusema kitu?"

Barua ikachapwa upya bure. Shangazi alinisomea neno kwa neno, na kila nilipofika kwenye B alisimama nyuma yangu kuhakikisha. Siku hizi wateja nimewanunulia kibodi ya nje ya kuchomeka kwenye USB, inakaa juu ya ile yenye stika. Mzee Katibu haiamini hata hiyo. Hujaribu kwanza B, kisha N, ndipo avue koti.

Ila zile nakala 50 zilikuwa zimekwishasambaa, na mtu mmoja akapiga picha moja akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Kabla ya Isha kundi lilishabadilishwa jina, likawa Nini Harusi. Watu waliokuwa kimya tangu kikao cha kwanza wakaanza kutoa ahadi: "Elfu thelathini za nwaba." "Nyingine hiyo, msimsahau nanu." Katibu, kwa kutaka amani, akamwingiza shangazi kwenye kundi ili aombwe radhi mbele ya wote. Mama akaingia, akasoma yote, akakaa kimya muda mrefu hadi mwenyekiti akaanza kuandika maelezo marefu ya kumtuliza. Kabla hajayamaliza, ukaingia ujumbe wa shangazi kwamba ametuma shilingi 50,000, na kwenye sehemu ya maelezo ameandika maneno mawili: "Za nini."