Sifuri ya Kenya kwenye ile chati si usalama

Kuna chati inazunguka miongoni mwetu Wakenya tulioko Uingereza. Mhimili wa mlalo unaonyesha nyota za Michelin (tuzo ya mikahawa bora) kwa kila watu milioni moja, na wa wima vifo vya kazini kwa kila wafanyakazi 100,000. Kenya imebandikwa kwenye kona ya chini kushoto, sifuri kwa sifuri. Wengine wameona aibu kwamba hatuna mkahawa hata mmoja wenye nyota, wengine wamejipongeza kwamba angalau kwetu watu hawafi kazini. Hao wa pili ndio wamenifanya niandike.

Ya nyota ni rahisi. Mwongozo wa Michelin ulianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na kampuni ya matairi, na nyota zikaanza kutolewa 1926. Wakaguzi wake huingia bila kujitambulisha, hula na kulipa kama mteja yeyote. Lakini huenda tu kule ambako mwongozo umeamua kwenda, na mara nyingi bodi ya utalii ya mahali hapo huchangia gharama. Dubai iliupata 2022, Doha 2024. Kwetu haujafika. Pasipokuwa na mkaguzi hapawezi kuwa na nyota, na hiyo haisemi lolote kuhusu wapishi wetu.

Vifo navyo vina wakaguzi wao. Hapa Uingereza (ukiitoa Ireland Kaskazini, ambayo ina hesabu zake), mamlaka ya afya na usalama kazini ilirekodi wafanyakazi 138 waliokufa kwa ajali kati ya Aprili 2023 na Machi 2024. Hiyo ni kama 0.42 kwa kila 100,000, miongoni mwa viwango vya chini zaidi duniani. Hata hivyo dereva aliyekufa barabarani akiwa kazini kwa kawaida hamo katika hesabu hiyo. Wala hawamo zaidi ya 2,000 wanaouawa kila mwaka na saratani inayotokana na vumbi la asbestosi, wengi wao waliolivuta kazini miaka mingi iliyopita.

Ufaransa ni kinyume chake. Ina mikahawa zaidi ya 600 yenye nyota, na kwenye takwimu za Ulaya inaonekana kama mahali pa hatari, zaidi ya vifo 3 kwa kila 100,000. Sababu moja ni kwamba mtu akianguka ghafla kazini kwa mshtuko wa moyo, Wafaransa huanza kwa kukichukulia kifo hicho kuwa ajali ya kazi. Kati ya vifo 738 vilivyorekodiwa na bima yao mwaka 2022, zaidi ya nusu vilikuwa vya namna hiyo. Anayehesabu kwa upana anaonekana mbaya kuliko asiyehesabu.

Qatar ilituonyesha pengo hilo waziwazi. Februari 2021 gazeti la The Guardian liliandika kwamba wahamiaji zaidi ya 6,500 kutoka nchi tano za Asia Kusini walikuwa wamefia huko katika muda wa miaka kumi, kwa sababu zote. Shirika la Kazi Duniani, likihesabu ajali za kazini za mwaka 2020 peke yake, lilipata vifo 50. Na Wakenya waliofia huko hawakuwamo kabisa katika ile 6,500. Gazeti lenyewe lilisema hivyo.

Sasa turudi Kenya. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kifo ndani ya saa 24. Lakini kwa hesabu za serikali yenyewe, zaidi ya watu 8 kati ya 10 walio na ajira wako jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Chukua fundi wa kuchomelea aliyeitwa kwa simu aje atengeneze paa. Hana mkataba, atalipwa akimaliza. Anateleza, anaanguka, analazwa siku mbili, anafariki. Daktari anaandika jeraha la kichwa, na ni kweli. Familia inazika, mwenye nyumba anatafuta fundi mwingine. Taarifa ingetolewa na mwajiri yupi?

Huku Uingereza kifo kama hicho kinachunguzwa. Katika wale 138, watu 50 walianguka kutoka juu, na naijua idadi hiyo kwa sababu kuna mtu aliyeajiriwa kuihesabu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanaochora chati hizi waipake rangi ya kijivu nchi isiyo na takwimu za kuaminika, waandike kwamba hazipo, wasiiweke kwenye sifuri pamoja na waliojitahidi. Na nyumbani, kila mtu anapokufa kwa ajali hospitalini, waliomleta waulizwe maswali mawili, majibu yaandikwe na kupelekwa kwa wakaguzi wa kazi: alikuwa akifanya kazi? Ya nani?