Sarafu ya prufu ipimwe kwanza, cheti kisomwe baadaye

Sarafu za wanyama za Tanzania za mwaka 1974 zina tatizo moja sokoni: kila iliyong'aa huitwa prufu. Kung'aa si hoja. Prufu ni namna ya kutengeneza. Muhuri wa kugongea sarafu hung'arishwa mpaka uwe kama kioo, kisahani cha madini kinachogeuzwa sarafu nacho husuguliwa, kisha hugongwa zaidi ya mara moja. Katika uwanja wake, yaani sehemu bapa isiyo na picha, unaweza kujitazamia uso, na picha hukaa juu yake nyeupe, imefifia kama maziwa.

Twiga wa shilingi 25 alitolewa kwa namna mbili. Ya kawaida ni fedha ya asilimia 50, gramu 25 na ushei. Ya prufu ni fedha ya asilimia 92.5, gramu 28.28, kwa hiyo ina fedha tupu gramu 26.16, maradufu ya mwenzake. Kifaru wa shilingi 50 katika prufu ana gramu 35, yaani fedha tupu gramu 32.4, wakia moja na kidogo (wakia ya madini ni gramu 31.1). Mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu inamaliza ubishi. Ukiambiwa twiga ni prufu na mizani ikasoma 25, mlipe muuzaji bei ya sarafu ya kawaida au mwagane.

Bei ya chini ya prufu haina siri: zidisha uzito kwa 0.925, kisha kwa bei ya gramu ya fedha siku hiyo. Kinachozidi hapo ni cha sura ya sarafu, na hapo ndipo wengi wanapopunjwa. Kisanduku cha mahameli na cheti haviongezi mengi. Idadi inayotajwa kwenye cheti mara nyingi ni kikomo kilichoruhusiwa, si hesabu ya zilizogongwa. Isitoshe, sarafu hizi hazikupita mikononi mwa wauza samaki. Zilihifadhiwa tangu siku ya kwanza, basi nzima zipo tele.

Adui mkubwa wa sarafu hizi ni kidole. Jasho hula uwanja wa kioo, na alama ikishakaa miaka haitoki. Shika ukingoni tu. Usifute kwa kitambaa, sembuse dawa ya meno au majivu: mikwaruzo midogo itaonekana ukiigeuza chini ya taa, na sarafu itarudi kwenye bei ya uzito. Mifuko laini ya plastiki huacha utando wa kijani unaonata. Utando huo ukiwa bado mpya, loweka sarafu dakika chache katika asetoni safi (si ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato), ndani ya chombo cha kioo, mbali na moto, bila kusugua, kisha isuuze kwa asetoni mpya. Iache ikauke yenyewe.

Pwani, kwa unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, weka kila moja katika kapsuli ngumu ya milimita 39 kwa twiga na 42 kwa kifaru, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, ndani ya kopo kavu lenye mfuniko.

Kuzipeleka Marekani, kwa kampuni zinazopima hali ya sarafu, zikapewe daraja? Kwa duma wa dhahabu wa shilingi 1500, sawa. Kwa twiga, ada na usafirishaji vitameza faida yote.