Nasaba humtaja babu, vinasaba humtaja bibi

Ami yangu ana daftari la jalada gumu, kingo zake zimeliwa na mende. Ndani mna nasaba yetu: fulani bin fulani bin fulani, majina kumi na mawili, mpaka kwa bwana mmoja anayesemekana alishuka jahazini akitokea Shirazi, mji wa Uajemi. Nimelisoma tangu utotoni. Hamna mwanamke hata mmoja.

Nililikumbuka niliposoma utafiti uliotoka katika jarida la Nature, Machi 2023. Watafiti, wakiwemo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichunguza vinasaba vya watu 80 wa kale. Wengi walizikwa katika miji ya pwani yetu, kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengine katika mji mmoja wa bara.

Wengi wa watu hao wa pwani walikuwa na damu ya pande mbili, Afrika na Asia, na huko Asia sehemu kubwa ni ya Uajemi, na kidogo ya Uhindi. Kuchanganyika kulikwisha kuanza kufikia mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa wakitunga.

Lakini kuna jambo ambalo wazee hawakulisimulia. Seli zetu zina mitokondria, vijisehemu vyenye vinasaba vyake vyenyewe, ambavyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake, na wanaume wana kromosomu Y, fungu la vinasaba linalotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kromosomu Y za watu hao nyingi zilitoka Asia. Mitokondria zao, karibu zote, ni za Afrika. Ingekuwa ni familia nzima zilizohama kutoka Uajemi, mitokondria nazo zingekuwa za huko. Waliokuja ni wanaume, nao wakaoa hapa.

Utafiti ulipotoka, ubishi mwingi niliousikia ulikuwa juu ya wanaume hao. Huyu anashangilia kwamba Ushirazi wake umethibitishwa, yule anaudhika akidhani Mswahili amenyang'anywa Uafrika wake. Naona wote wawili wamempita bibi mlangoni bila salamu. Nusu ya damu na zaidi, kwa walio wengi, ni yake. Lugha ni yake pia. Mwajemi alituachia nahodha na bandari, maneno ya kazi yake. Moto, chungu, kula, kulala, mtoto: hayo yalikuwa nyumbani tayari, na mtoto aliyajua kabla hajaijua bandari. Hata nyumba ilikuwa ya mwanamke. Lamu desturi ilikuwa binti hupewa nyumba na wazazi wake, na mume ndiye anayehamia kwake. Mgeni aliyeoa katika mji wa namna hiyo aliingia ukweni akajifunza kusema kama wanavyosema.

Tusiubebeshe utafiti huu zaidi ya uwezo wake, lakini. Makaburi yaliyochimbwa mengi ni ya watu wenye nafasi, waliozikwa karibu na misikiti na majumba ya mawe. Mvuvi wa kibanda cha makuti, mkulima, mtumwa, hao mifupa yao haijasomwa, nao ndio waliokuwa wengi mjini. Ningependa utafiti ujao uanzie kwao, na uongozwe kutoka maabara zilizo huku kwetu, na vijana wetu ndio washike vifaa.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa ami na kalamu. Nikamwomba tuanze ukurasa mpya nyuma ya daftari, wa mama tu. Mama yake alimtaja papo hapo. Mama wa mama yake pia. Wa tatu alimkumbuka kwa jina la utani, na kwamba alikuwa akisuka mikeka ya ukindu. Wa nne ilibidi tumpigie simu shangazi aliyeko Mombasa, akasema atauliza.