Meli ya Vita Ilipita Dodoma kwa Treni

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye shule moja ya sekondari hapa mjini na boksi la viatu mkononi. Ndani yake kulikuwa na vimeli saba vya mfano, kila kimoja nimekizungushia pamba, na kitambaa cha bluu nilichokichorea ramani ya Ziwa Tanganyika. Nilikuwa naomba saa moja tu na wanafunzi wa kidato cha tatu, tucheze mezani mapigano ya ziwani ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwalimu aliyenipokea hata boksi hakulifungua. Aliniambia kwa upole, "Ndugu yangu, hiyo ilikuwa vita ya wazungu. Halafu sisi Dodoma na meli, wapi na wapi?"

Nilirudi Chang'ombe kwa bodaboda, boksi nimelikumbatia. Upole wake ndio ulioniuma, maana mtu akikutukana unajua pa kuanzia.

Sasa naanzia hapa. Meli kubwa kuliko zote zilizopigana kwenye Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikishakamilika ikafunguliwa tena, ikapangwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa treni mpaka Kigoma. Kutoka Dar kwenda Kigoma kuna reli moja, na reli hiyo inapita hapa. Yale mabamba ya chuma na yale makasha ya ribiti yalipita kwenye stesheni yetu ya zamani, treni ikipiga honi kama zilivyopiga treni za bibi na babu zetu. Februari 1915 meli ikashushwa majini.

Na si hiyo tu. Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa na Wajerumani wenyewe kule Rufiji, mizinga yake yote kumi iliopolewa, ikavutwa na watu kwa kamba mpaka ikatoka kwenye matope ya delta. Mmoja, wa milimita 105, ukapelekwa kufungwa kwenye Götzen. Ulipita wapi? Ulipita hapa. Mzinga wa baharini, uliozoea chumvi, ulipita katikati ya vumbi na mibuyu ya Ugogo. Kila nikisimama pale stesheni naufikiria. Mtoto wa Dodoma akinyimwa jambo hilo kwa sababu mji wake hauna maji, amenyimwa historia yake mwenyewe.

Kwa wale wanaouliza vimeli navipata wapi: naviunda. Kuna mafundi Ulaya wanaovimimina kwa bati, vizuri kweli, ila gharama ya kuvisafirisha inapita bei ya meli yenyewe. Isitoshe, skeli wanazozipenda za 1:2400 na 1:3000 zinafaa manowari kubwa za Jutland, yale mapigano ya baharini ya Ulaya, siyo ziwa letu. Boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Kwa 1:3000 hiyo ni milimita nne, punje ya mtama. Nikachagua 1:600, Götzen ikatoka sentimita 12 kasoro kidogo, na Mimi na Toutou sentimita mbili kila moja. Mbao nachukua mabaki ya mninga kwa seremala jirani, milingoti ni spoku za baiskeli, mizinga ni pini. Ile boti ya Mimi nimeichonga mara tatu, kwa sababu mbili za kwanza zilifagiliwa na takataka. Nilihuzunika kweli, na sioni aibu kulisema.

Mchezo wenyewe una dadu, futikamba na zamu, na hapo ndipo ninapotaka walimu wanisikilize. Kitabu kitamwambia mwanafunzi kwamba tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza waliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani. Atakariri, atajibu mtihani, atasahau. Mweke sasa mezani aishike Kingani mwenyewe. Atagundua kwamba mzinga wake unapiga mbele tu. Atagundua kwamba wale wawili wadogo wana mwendo wa kumzidi mbali, na wanamjia kwa nyuma. Akigeuka kumlenga mmoja, mwingine anampiga ubavuni. Mizinga yao ni ya milimita 47, nayo pia haina raha: lazima uielekeze boti nzima kwa adui, la sivyo kishindo kitaivunja. Kijana wa jirani yangu, anayesoma kidato cha tatu, alicheza zamu nne akaniangalia, akasema, "Anko, hapa hakuna pa kutokea." Yule nahodha Mjerumani alikufa kwenye dakika kumi na kitu zile. Kijana alikaa kimya kidogo kabla hajanirudishia dadu. Hakuna swali la mtihani linaloweza kumfikisha hapo.

Kingani ikitekwa nabadilisha bendera yake tu, maana Waingereza nao waliitengeneza, wakaifunga mzinga mkubwa zaidi na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 ndiyo iliyoikimbiza meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, pamoja na boti ya Mimi, mpaka ikazama. Kesho yake Götzen ikatokea kumtafuta mwenzake, na kamanda Mwingereza, Spicer-Simson, akakataa kutoka bandarini. Wachezaji wangu wote humwita mwoga. Lakini wao wenyewe wakitoka, ule mzinga wa Königsberg huwamaliza kabla hawajafika karibu. Tumejaribu mara sita, mara moja tu Toutou ilifika.

Kuna wanaosema kuchezea vita ni kukosa heshima kwa waliokufa. Siwezi kuwapinga sana, kwa sababu bibi yangu alinifundisha jambo hilo kwa njia ngumu.

Zamani nilikuwa nahesabu risasi kwa punje za mtama. Kila ukipiga, unatoa punje moja, unaweka pembeni. Bibi alikuja kutoka Bahi, akanikuta nimecheza, punje zimezagaa sakafuni. Hakunigombeza. Alipiga magoti, akaanza kuziokota moja moja, akizifuta kwenye kanga yake. Alipomaliza alisema, "Mjukuu wangu, mama yangu alichemsha ngozi akala, mwaka wa Mtunya. Hizi huzitupi."

Mgogo yeyote anajua Mtunya, ile njaa kuu. Majeshi yalipokuwa yanapita hapa, ya Mjerumani kisha ya Mwingereza, yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, yalichukua wanaume kwenda kubeba mizigo. Kisha mvua ikakataa. Kati ya 1917 na 1920 walikufa watu, makadirio yanataja 30,000, katika Ugogo yenye watu kama 150,000. Mmoja kati ya kila watano! Halafu mtu anasimama mlangoni, katika mji huu huu, ananiambia ilikuwa vita ya wazungu.

Upande wa pili wa ziwa mambo yalikuwa vilevile. Mimi na Toutou ziliteremshwa Cape Town, zikaja kwa treni mpaka Fungurume, Kongo, kisha zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba. Miti iliyokatwa na madaraja yaliyojengwa ni kazi ya Waafrika ambao hatuwajui hata kwa jina. Spicer-Simson tunamjua.

Kwa hiyo meza yangu siku hizi haiishii Kigoma. Nimeirefusha kwa ubao mwembamba wenye reli, kutoka ziwani mpaka Tabora mpaka Dodoma mpaka Dar. Anayeshika Wajerumani hapati mzinga wake mpaka autoe Dar behewa kwa behewa. Na kila behewa likifika Dodoma lazima atoe punje tano kwenye bakuli nililoliandika UGOGO, kwa ajili ya askari wanaolinda njia na wapagazi. Bibi ndiye aliyeniruhusu kurudisha mtama mezani, kwa sharti kwamba mchezo ukiisha punje zote zirudi jikoni. Bakuli likikauka, wapagazi hawatembei, na Götzen inabaki bandarini na mzinga wa mbao. Hata hiyo ilitokea: mwaka 1916 mzinga wa kweli uliondolewa kupelekwa nchi kavu, na wa bandia ukawekwa mahali pake.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaipaka grisi mitambo ya Götzen na kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Siku tatu baadaye jeshi la van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, likaingia Dodoma. Hizo tarehe mbili nimeziandika kwa wino mmoja kwenye ule ubao, kwa sababu ni habari moja: reli ikishakatika, meli ya ziwani haina nyumbani. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Waliosafiri nayo kwenda Mpulungu, Zambia, wanajua ninachosema.

Shule nitarudi, nimeshaandika barua. Safari hii nitakwenda na ule ubao wa reli kwanza, na bakuli. Meli zitabaki kwenye boksi mpaka waulize. Na Jumamosi hii, kuanzia saa nane mchana, tunacheza pambano la tarehe 9 Februari 1916 sebuleni kwangu. Kijana wa jirani ameomba ashike treni badala ya meli, na ameshahesabu punje.