Jiwe Lililoondoka na Chapati Zetu

Shemeji yangu anaishi Plymouth, na mtu akikaa sana Uingereza huanza kupenda mambo ya ajabu, kama kupanda vilima kwenye manyunyu kwa hiari yake. Ndivyo nilivyojikuta kwenye nyika za Dartmoor, ndani ya koti la kuazima lililonifika magotini, tukielekea Grey Wethers: miduara miwili ya mawe iliyokaa bega kwa bega, kila mmoja na upana wa mita zaidi ya 30. Watu wa kale waliisimika maelfu ya miaka iliyopita, kwa shughuli ambayo hakuna aliyebaki wa kutusimulia. Mawe mengi yalikuwa chini hadi mwaka 1909, yaliposimamishwa upya.

Njia yenyewe tope tupu. Unakanyaga nyasi, zinabonyea, maji ya barafu yanaingia kwenye soksi. Tulipofika ukungu ukashuka, shemeji nikawa namtambua kwa sauti tu. Na sauti anayo.

"Unajua kisa cha mawe haya, shemeji?" Akavisha mkanda wa begi kwenye jiwe fupi, apate mikono ya kusimulia. Eti zamani mgeni mmoja alikuwa anakunywa kwenye baa ya Warren House, akiwaponda kondoo wa Dartmoor. Wenyeji wakamwambia wazuri wapo, wakampeleka kwenye ukungu, wakamwonyesha kundi limetulia kwa mbali. Akalipa. Kesho yake kaja kuchukua mifugo, anakuta mawe.

Shemeji alicheka hadi akakohoa. "Mtu mzima na akili zake, hajui jiwe na kondoo!"

Hapo jiwe lake likasimama.

Lilikuwa na pembe, na mgongoni alama ya rangi ya buluu, wafugaji wa kule huwapaka kondoo wao wasipotee. Likatukazia macho, likasema "meee", likatimua mbio na begi shingoni. Humo mlikuwa na chapati, chupa ya chai na, yarabi, ufunguo wa gari.

Tulifukuza. Mguu wa shemeji ukazama topeni hadi gotini, ukatoka bila kiatu. Kila kilichoonekana cheupe tulikirukia, kuna jiwe nililikumbatia na kulibembeleza kabisa, "tulia mama, tulia."

Akatokea mzee mmoja na mbwa wake. Akatutazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole kama kondoo yule ni wetu.

"Hapana, mzee," shemeji akajibu huku anahema. "Sisi chetu ni begi tu."